Picha Ambayo Hakuna Aliyeinunua

Sheila, na ninyi wenzake mliobaki pale yadi ya mnada Kitale, mliniomba niandike machache kabla sijasahau. Sijasahau. Lakini nimestaafu, mahindi yameshapaliliwa, kuku nimewahesabu mara mbili asubuhi hii na hesabu zote mbili zimekubaliana, kwa hiyo nafasi ninayo. Habari za mshahara sitaandika, maana mnaujua, ni huo huo mnaolipwa. Vyeo navyo vilikuwa viwili tu: mwenye kiti na asiye na kiti.

Kazi hiyo sikuiomba. Nilitoka Sirisia kuja kununua sufuria kubwa, nikasikia kuna mnada, nikaingia. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye mnada watu hupandisha bei. Mimi nilikuwa mtu wa soko. Dalali akataja bei ya sufuria, nikataja ya chini yake. Mtu mmoja akapanda, mimi nikateremka tena.

Dalali alikuwa Mzee Barasa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Akasimama. "Mama, hapa tunapanda."

"Pandeni tu," nikamwambia. "Mimi nimekuja kununua."

Watu walicheka hadi wakasahau kutaja bei, na sufuria ikabaki kwangu. Ninayo mpaka leo. Nikiwa naondoka nayo kichwani, Mzee Barasa akaniita. "Kesho kuja ukae upande wangu. Huo mdomo siwezi kuuacha kwa wateja."

Siku ya kwanza alinionyesha vifaa: kengele, chaki na kamba ya katani. Nikauliza nyundo iko wapi, maana nilikuwa nimesikia dalali hugonga nyundo. Akaniambia nyundo ilikuwa juu ya meza siku meza ilipouzwa, na mnunuzi akasema imeuzwa na kila kilichokuwa juu yake. Tangu hapo yadi inapiga kengele, na kengele haiwekwi juu ya kitu cha kuuzwa. Mkimwona mtu ameiweka kwenye kabati, mchapeni.

Kuhesabu alinifundisha yeye. Hesabu kwanza kwa macho, halafu kwa mkono. Macho yataona kiti. Mkono ndio utajua kama kina miguu yote. Nilifanya hivyo hadi siku ya mwisho, na kuna viti vingi Trans Nzoia vimekaa sawa kwa sababu hiyo.

Halafu alinifundisha mkia, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kila yadi ina vitu ambavyo hakuna anayevitaka: meno ya bandia, vitabu vya sheria zilizofutwa, kinanda cha kanisa kinacholia kama mbuzi. Ukikinadi peke yake, watu wanatazama mawingu. Kwa hiyo unakifunga kwa kamba kwenye kitu wanachokitaka. Kile wanachokitaka ni kichwa, kile kingine ni mkia, na mnunuzi anaondoka na vyote viwili, apende asipende. "Umewahi kuona mtu amenunua ng'ombe akaacha mkia kwa boma?" Mzee Barasa alikuwa akiwauliza wanaolalamika.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya kochi. Mwenyewe alilileta, likauzwa, mnunuzi akalibeba, na hapo ndani akapatikana tetea analalia mayai. Mwenye kochi akashika upande mmoja, mnunuzi upande wa pili, kuku akawatukana wote. Mzee Barasa akauliza swali moja: "Kengele ilipolia, kuku alikuwa wapi?"

"Ndani," wakasema.

"Basi ni mkia. Na mayai ni mkia wa mkia. Nendeni."

Huyo mzee alipoondoka kazini alinikabidhi kengele bila hotuba. Aliniambia tu, "Usiipende sauti yake sana." Nami nawaambia hivyo hivyo.

Sasa nifike kwa ile picha, maana najua ndiyo mnayoingojea, na Sheila amekuwa akiisimulia vibaya.

Ilikuwa miezi yangu ya mwisho. Kuna duka la hadiwea la siku nyingi mjini Bungoma lililokuwa linafungwa. Mwenyewe, Mhindi wa kilemba, alikuwa amefariki, na mjane wake, ambaye mji mzima humwita Biji kama wajukuu zake wanavyomwita, alikuwa anaenda kukaa na mtoto wake Uingereza. Biji amezaliwa Bungoma. Kibukusu chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu, na kwa kupatana bei nilimwogopa. Mpwa wake ndiye aliyepakia mali kwenye lori kuleta Kitale, na huyo kijana alipakia kama mtu anayezima moto. Pale ukutani, juu ya rafu ya misumari, ilikuwa imetundikwa picha. Yeye akaona ni sehemu ya rafu. Vyote vikaja.

Nyinyi mliiona. Picha ya rangi ya mafuta, si kubwa, inatosha kwapani. Mwalimu mmoja wa historia aliyekuja kuangalia makabati aliisoma karatasi iliyobanduka nyuma ya fremu, akasema ilichorwa Ulaya, karne ya kumi na tisa, jina la mchoraji limefutika. Tukasogea tuone kitu kilichovuka bahari na kukaa miaka yote hiyo. Ilikuwa nyumba. Si kanisa, si ikulu. Nyumba tu ya mjini, ya kupangisha, ukuta wa rangi ya chai iliyopoa, plasta imebanduka pembeni, mfereji wa maji ya mvua umepinda, mlango nusu wazi, kitambaa cha bluu kimeanikwa dirishani. Watu hakuna.

"Huyu mchoraji alikosa mlima?" Sheila akauliza. "Alikosa hata simba?"

Nikahesabu madirisha. Mara ya kwanza saba. Mara ya pili nane, maana kulikuwa na jingine dogo juu kabisa, chini ya paa, limefunguliwa kidogo na ndani yake ni giza. Kisha nikaifanyia ile kazi inayofanyiwa kitu kama hicho. Nikachukua kamba, nikaifunga kwenye wilibaro.

Wilibaro ilikuwa nzuri, na iliwaniwa. Aliyeshinda ni Simiyu wa Kabuchai, aliyekuwa dereva wa trekta za miwa, anayejenga nyumba. Namkumbuka kwa sababu alizungusha gurudumu karibu na sikio kama anayesikiliza redio. Alipoona mkia hakulalamika. Aliitazama ile picha, akaitazama tena, akailaza ndani ya wilibaro polepole kama mtoto aliyelala, akaondoka.

Biji alikuwa safarini mwezi mzima kutafuta viza; aliporudi akakuta ukuta wa duka mtupu, akafika kwetu na pikapu ya kukodi. Hakusalimia, na Biji si mtu wa kutosalimia.

"Mama Nafula. Picha ya Sardarji iko wapi?"

Sardarji ndiye marehemu mume wake. Nikamkalisha kwenye kiti changu, kile cha cheo. Akaniambia kwamba mchana, duka likiwa limefungwa kwa chakula, yeye na mumewe walikula chini ya ile picha, tangu akiwa bi harusi. Alikuwa anaondoka baada ya wiki mbili. Mtoto wake alishamwambia huko kuna kila kitu, asibebe kitu. "Sibebi kitu," akasema. "Sufuria nimegawa, vitanda nimegawa. Nabeba hiyo moja. Ukinipatia hiyo nitaenda. Usiponipatia pia nitaenda, tiketi ishalipwa, lakini nitaenda vibaya."

Nikamuuliza Sardarji aliinunua wapi, kitu cha namna hiyo.

"Hakuinunua, mwanangu. Alienda mnada huku Kitale, wazungu walipokuwa wanauza mashamba. Alitaka jiliwa ya kushikia chuma. Ilikuwa imefungwa na hiyo."

Nikaiangalia kamba yangu, nikairudisha mfukoni.

Nilienda Kabuchai mwenyewe, nikiwa na wilibaro nyingine mpya kwenye bodaboda, nikijua nitamaliza mambo kabla ya chai. Nilipita katikati ya miwa, njia ikapinda, na pale mbele nikaona ile nyumba.

Si picha yake. Nyumba yenyewe. Ukuta wa matofali wa ghorofa mbili umesimama katikati ya miwa, mlango, madirisha, na ng'ombe amefungwa kwenye mfereji uliopinda.

Sikuelewa mara moja. Nilitangulia kuona kwamba madirisha ya kushoto ni makubwa na ya kulia yanazidi kuwa madogo, na ukuta wote umeteremka upande huo kama mtu anayeegemea kaunta. Juu ya jukwaa alikuwa Fundi Makokha, ile picha ameitundika kwenye msumari, anaipima kwa pingili ya kidole. Pingili moja, matofali manne.

"Fundi," nikasema, "mbona upande huu umekuwa mfupi?"

"Si ni hivyo kwa picha?"

"Aliyechora alisimama pembeni. Kitu kikiwa mbali kinaonekana kidogo."

Fundi Makokha akanitazama kwa huruma. "Mama, mimi najenga kama ilivyo. Kama mzungu alifanya huku kufupi, alikuwa na sababu yake. Hata plasta imebanduka pale pembeni, si unaona nimeacha bila plasta? Hiyo ndiyo kazi ngumu. Kupiga plasta kila mtu anaweza."

Simiyu alitokea na mkewe Nekesa, ambaye hushona sare za shule. Cherehani yake ilikuwa chini ya turubai, imefungwa kwa kamba ya mbuzi isipeperuke, na yeye alikuwa na mkanda wa kupimia shingoni. Nikaeleza habari za Biji. Simiyu akasikiliza vizuri sana, hiyo si dalili nzuri.

"Pole yake," akasema. "Lakini Mama Nafula, hapa Kabuchai nyumba zote ni moja. Vyumba vinne, veranda, mabati. Usiku ukilewa unaweza kuingia kwa jirani na ukalala. Mimi nilipofungua hiyo picha nilimwambia Nekesa, hii ndiyo yetu."

"Nimekuletea wilibaro ya pili."

"Wilibaro ninayo."

"Nikuongezee picha nyingine. Iko na maporomoko ya maji."

"Nijenge maporomoko?"

Nikamwambia Simiyu alichonishauri Sheila: tuipige picha kwa simu, abaki na ya simu. Fundi akajibu kutoka juu, "Bana, ya simu unaweka kidole inakimbia! Nimejaribu! Nimepima dirisha likawa kubwa kuliko nyumba!"

Nikajaribu njia zote ninazozijua. Nikaenda kama mtu aliyekasirika hadi kwa bodaboda, nikasimama nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Simiyu akanifuata tu aniage kwa heshima. "Mama, daktari ameshampasua mtu. Wewe unaweza kuingia umwombe kile kisu? Ngoja nyumba iishe."

"Itaisha lini?"

Hapo akashusha sauti. "Hiyo ndiyo shida. Mbele imefika juu. Lakini picha haina nyuma."

Nilipitia Bungoma nikamwambia Biji ukweli, nikitegemea machozi. Akauliza tu, "Amejenga?"

"Amejenga."

"Na dirisha la juu?"

"Na dirisha la juu."

Akachukua mtandio wake. "Twende."

Siku hiyo tulipofika miwa ilikuwa inakatwa, kwa hiyo ule ukuta ulionekana kutoka mbali. Biji alimwambia mwenye pikapu asimamishe. Akateremka, akasimama barabarani, akafunga mtandio upya, kama mtu aliyefika kwa wakwe. Nilihesabu mara mbili madirisha ili nisimtazame usoni.

Kisha akatembea. Akawapita Simiyu na Nekesa na mikono yao ya salamu, akampita ng'ombe, akazunguka moja kwa moja nyuma. Tukamfuata. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili vya chini visivyo na paa, miti ya mkaratusi imeshikilia ukuta usianguke, na juu, kupitia lile dirisha dogo, ilionekana mbingu na kunguru mmoja.

Biji alianza kucheka. Alicheka akishika mti wa mkaratusi, hadi Fundi Makokha akateremka haraka kumsihi asiutikise.

"Hakuna mtu!" akasema. "Sardarji, njoo uone! Si nilikwambia hakuna mtu?"

Ndipo akatueleza, akiwa amekaa kwenye ile wilibaro. Kila mchana, chapati mkononi, yeye na mumewe walibishana kuhusu hiyo nyumba. Waliijenga nyuma yake kwa maneno: jikoni liko wapi, kisima kiko wapi, mpangaji gani mchafu. Mengi walikubaliana. Dirisha la juu ndilo lililowashinda. Sardarji alisema huko kuna fundi cherehani, ndiye aliyeanika kile kitambaa cha bluu. Yeye Biji alisema hakuna mtu, ni stoo ya vitunguu, na kitambaa ni cha mama wa chini. Marehemu aliugua akiwa bado anabisha.

Simiyu alikuwa ameshika neno moja tu. "Biji. Jikoni liko wapi?"

Akamwangalia. Halafu akaomba kijiti.

Sheila, mimi nimeona madalali, mawakili na machifu wakifanya kazi zao, lakini sijaona mtu kama yule mama akichora chini. Jikoni hapa, upande ambao upepo hauleti moshi. Chumba cha wageni hapa, mbali na jikoni, wasisikie mnachosema juu yao. Ukuta huu ushike ule mrefu, hii miti yenu ni aibu. Fundi Makokha alimfuata akipigilia vigingi, na mara mbili nilimsikia akisema "Kumbe," neno ambalo fundi wa mjengo halisemi bure.

Alipomaliza alifuta mikono. "Haya, Simiyu. Mbele unayo kwa ukuta. Nyuma unayo chini. Ramani ya nini sasa? Nipe picha yangu."

Alikuwa amembana vizuri kabisa. Ningekuwa mimi, ningepiga kengele. Lakini Nekesa akauliza, "Na kule juu, Biji? Mtu anapanda na nini?"

Wote tukatazama juu. Simiyu akakohoa. Ngazi si kitu cha mchezo, akasema, labda mwaka ujao, labda mwingine. Nekesa aliitazama tu ile cherehani chini ya turubai, na mimi nilimwona akiitazama, na Biji alimwona pia.

"Nyuma ya duka," Biji akasema polepole, "kuna ngazi ya chuma. Ya kuzunguka. Yadi ya huyu Mama Nafula ilikataa kuichukua, ati ni ndefu."

"Ilikuwa ndefu," nikasema.

"Simiyu, mimi naenda Jumapili. Ngazi ichukue. Lakini haitoki peke yake."

Simiyu akasimama pale, mwanamume aliyesikiliza gurudumu la wilibaro kwa sikio, akiwa na ukuta uliopinda mbele yake na mkewe pembeni. Akapanda jukwaani mwenyewe, akaitoa picha kwenye msumari, akaipangusa vumbi la saruji kwa shati. Alipoishusha hakunipa mimi. Alimpa Biji kwa mikono miwili.

Na mimi nikatoa kamba ya katani mfukoni. Tulipoenda kwa ile ngazi siku iliyofuata, niliifunga picha kwenye chuma chake kwanza, fundo la yadi, mbele ya wote, halafu ndipo nikalifungua. Simiyu akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni kazi. Ile picha imepita mikono mingi na hakuna aliyewahi kuinunua. Mara zote ilikuwa mkia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ilikuwa kichwa, na ngazi ndefu ya chuma ndiyo ilikuwa mkia. Nilitaka iandikwe hivyo, hata kama ni kwa kamba tu.

Biji aliondoka nayo kwapani. Uwanja wa ndege walimwambia ni kubwa, na nimesikia walipatana kwa muda mrefu, na nimesikia pia nani alishinda.

Mimi nilistaafu baadaye kidogo. Nashukuru kwa wilibaro mliyonipa siku ya kuniaga. Meno ya bandia mliyoyafunga kwenye mpini nimeyaona, na mkono huo naujua ni wa nani.

Wiki iliyopita Simiyu alinitumia picha kwa simu. Nyumba imeezekwa mabati. Bado imelalia upande wa kulia, na watu wanatoka Chwele kuja kuitazama, wengine wanainamisha kichwa ndiyo ikae sawa. Dirisha la juu limefunguliwa, na ndani yake Nekesa ameinama juu ya cherehani, na kitambaa cha sare, cha bluu, kimeninginia nje.

Nikamtumia Biji. Hakuandika, alipiga.

"Nani huyo dirishani?"

"Nekesa."

"Anafanya nini?"

"Anashona, Biji."

Nikasikia birika huko kwao likianza kuchemka, na hakuna aliyeenda kulizima.

"Basi Sardarji ameshinda," akasema mwishowe. "Miaka yote hiyo." Akavuta pumzi, na nilipoisikia sauti yake ikikaza nilijua amerudi sokoni. "Lakini muulize Simiyu. Vitunguu vitakaa wapi?"

"Chini ya ngazi," nikamwambia.

Akafikiri. Niliweza kumsikia akilipima jibu, mara moja kwa macho, mara ya pili kwa mkono.

"Sawa," akasema. "Hapo Sardarji pia atakubali."